Kumwongoza Mwanafunzi wa Kidato cha Sita Kuomba Chuo: Mwongozo kwa Walimu na Walezi wa Mwanza

Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutangazwa mwezi Julai, na siku hiyo hiyo steshenari za Igoma, Buzuruga, Kirumba na Nyegezi hujaa vijana waliokuja kuangalia alama zao na kuanza, hapo hapo, kuomba vyuo. Kwa wengi wao hiyo ndiyo mara ya kwanza kufikiria kozi kwa makini, mara ya kwanza kukitafuta cheti cha kuzaliwa, na mara ya kwanza kuulizwa baruapepe yao ni ipi. Mwongozo huu umeandikwa kwa walimu wa taaluma, walimu wa ushauri na unasihi, wazazi na walezi, na msimamo wake ni mmoja: kazi kubwa ya maombi ya chuo ifanyike shuleni kati ya Januari na Aprili, kabla mtihani wa Mei haujaanza, ili Julai ibaki na kazi ndogo ya kulinganisha alama na kujaza fomu.

Sababu ya haraka hiyo ni kwamba mtihani ukiisha wanafunzi hutawanyika. Walioitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria huenda makambini, na msichana aliyesoma Nganza au mvulana wa Nsumba anaweza kupangiwa Rwamkoma mkoani Mara, ambako si mbali, au Bulombora mkoani Kigoma, au Mgambo mkoani Tanga, na akiwa huko simu na kompyuta si vitu vya kufikiwa kila anapotaka. Wengine hurudi makwao vijijini na visiwani. Tangu Daraja la JP Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, kijana wa Sengerema huingia mjini bila kusubiri kivuko, lakini mwenzake wa Ukara bado anavuka kwanza kwenda Bugolora, kisha anaitafuta Nansio, ndipo aanze safari ya Mwanza. Karatasi moja iliyosahaulika nyumbani inaweza kumla siku kadhaa pamoja na nauli ambayo mzazi alikuwa ameitenga kwa ada ya maombi. Akiwa bado bwenini, jambo hilo hilo linamalizwa kwa kumwagizia nyumbani siku ya kutembelewa.

Majina na vyeti kwanza

Panga siku, kaa mezani, na umwite mwanafunzi mmoja mmoja akiwa na karatasi tatu: cheti cha kuzaliwa, hati ya matokeo ya kidato cha nne, na nakala ya taarifa zake za usajili wa mtihani wa kidato cha sita. Mwache asome jina lake kwa sauti kutoka kila karatasi, herufi kwa herufi, huku wewe ukiandika. Utashangaa. Kwenye cheti cha kuzaliwa ataitwa Mariamu Kulwa Masanja, kwenye matokeo ya kidato cha nne ataitwa Mariam K. Masanja, na kwenye usajili wa kidato cha sita Mariam Masanja Kulwa. Kwa jirani wa Usukumani watu hao ni mmoja, kwa kuwa anajua kwamba huyu ni Kulwa wa pacha, kwamba Masanja ni babu, na kwamba jina la ubatizo liliongezwa alipofika darasa la saba. Kwa mfumo wa kompyuta unaolinganisha herufi, hao ni watu watatu.

Dawa inategemea kosa limekaa wapi. Ikiwa ni kwenye usajili wa mtihani na muda wa kusahihisha haujapita, mwalimu anayesimamia usajili shuleni alimalize mara moja, kwa maana baada ya vyeti kuchapishwa jambo hilo huwa gumu sana. Ikiwa ni kwenye cheti cha kuzaliwa, mzazi aende kwa msajili wa vizazi na vifo wa wilaya, yaani ofisi inayofanya kazi ya RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) wilayani, akiwa na vyeti vya shule kama ushahidi. Ikiwa mwanafunzi amebadili jina zima, wakili ataandaa hati ya kubadili jina, nayo itasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Wapo wanaoridhika na kiapo cha kawaida kilichogongwa muhuri na wakili, na kwa tofauti ya herufi moja kinaweza kutosha, lakini sishauri mtu ategemee kiapo pale ambapo chanzo chenyewe kinaweza kusahihishwa, kwa sababu kiapo hupokelewa dirisha moja na kukataliwa dirisha linalofuata.

Cheti kikishakuwa sawa, kihakikiwe. Bodi ya Mikopo hudai cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa na RITA kwa waliozaliwa Bara, au na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii wa Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Uhakiki wa RITA huombwa kwa njia ya mtandao kwa kupakia nakala ya cheti na kulipia ada ndogo, na majibu hurudi baada ya muda ambao Februari huwa mfupi na Julai huwa mrefu, kwa kuwa Julai nchi nzima inaomba kwa pamoja. Asiyekuwa na cheti kabisa, na wapo wengi kuliko tunavyodhani miongoni mwa waliozaliwa nyumbani au kwenye makambi ya wavuvi, aanze kukusanya kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na cheti cha elimu ya msingi mapema iwezekanavyo.

Kwa mwanafunzi aliyefiwa na mzazi, swali la kuuliza kwa upole ni kama familia ina cheti cha kifo. Mara nyingi utaletewa kibali cha mazishi, au barua ya mwenyekiti wa kijiji, na familia kwa nia njema itaamini kwamba hicho ndicho kinachotakiwa. Sicho. Cheti cha kifo hutolewa na msajili wa wilaya, nacho pia huhakikiwa na RITA kama cha kuzaliwa. Mwalimu asione aibu kulisisitiza jambo hili, kwa maana mwanafunzi yatima ndiye anayestahili mkopo kuliko wengi, na ndiye anayeupoteza kwa sababu ya karatasi.

Vyeti vyote vikikamilika, vipigwe picha safi au kuskaniwa, kila kimoja kiwe faili lake lenye jina linaloeleweka, na vihifadhiwe mahali pawili: kwenye baruapepe ya mwanafunzi na kwenye simu ya mzazi. Picha ndogo ya pasipoti ipigwe siku hiyo hiyo.

Simu, baruapepe na kijana wa steshenari

Namba ya simu inayoandikwa kwenye fomu ya maombi ndiyo itakayopokea namba ya siri ya kuthibitisha udahili, na ndiyo itakayotumika mwanafunzi anaposahau neno lake la siri. Iwe ni laini ya mwanafunzi mwenyewe au ya mzazi anayeishi naye nyumba moja, si ya binamu aliyeko Geita kwenye machimbo ambaye leo yupo hewani na kesho hayupo. Anayekwenda kambini aache laini hiyo nyumbani kwa mtu mzima anayejua kusoma ujumbe na anayeelewa kwamba ujumbe wenyewe una muda wa mwisho.

Sina ugomvi na vijana wa steshenari, kwa kuwa bila wao nusu ya maombi ya mkoa huu yasingetumwa. Tatizo ni kazi yao inapofanywa kwa pupa. Foleni ikiwa ndefu, kijana huyo hufungua akaunti ya mwanafunzi kwa baruapepe yake mwenyewe, huweka neno la siri analolitumia kwa wateja wote, na wakati mwingine huandika namba yake ya simu ili kuokoa muda. Nimemwona msichana aliyepata vyuo viwili akizunguka na mama yake pale Buzuruga kumtafuta kijana aliyemjazia fomu, ambaye kumbe alikuwa amehamia Kahama, huku siku za kuthibitisha zikihesabika. Kwa hiyo kabla ya Mei kila mwanafunzi afungue baruapepe yake mwenyewe kwenye chumba cha kompyuta cha shule, aandike anwani na neno la siri kwenye karatasi itakayobaki kwa mzazi, na aelezwe wazi kwamba atakapokwenda steshenari ataketi kando ya mjazaji na kusoma kila ukurasa kabla haujatumwa.

Kuna pia wanaojiita mawakala, wanaotuma ujumbe wakidai kwamba kwa kiasi fulani cha fedha watamhakikishia kijana nafasi ya udaktari au mkopo wa asilimia mia. Hakuna nafasi inayouzwa hivyo. Malipo halali ya taasisi za serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe, si kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Kuchagua kozi kwa alama

Hapa ndipo mwalimu ana kazi ya kweli. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili kwa waombaji wenye sifa za kidato cha sita na kingine kwa wenye stashahada, na vyote hupatikana bure kwenye tovuti yake. Ndani yake kila programu ya kila chuo imeandikwa pamoja na sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Pakua cha mwaka uliopita mwanzoni mwa mwaka, uchapishe kurasa zinazohusu tahasusi (makundi ya masomo) za shule yako, na uzibandike ubaoni. Sifa hubadilika kidogo kidogo, kwa hiyo Julai lazima kilinganishwe na kipya, lakini kwa mazoezi cha zamani kinatosha.

Hesabu yenyewe ni rahisi. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na kwa waombaji wa kidato cha sita wa miaka hii sifa ya chini ya kujiunga na shahada ni kufaulu masomo mawili kwa kiwango cha principo (yaani A hadi E), yenye jumla ya pointi 4.0. Wanachokosea wengi ni kudhani kwamba masomo hayo ni mawili yoyote. Ni yale yanayoiongoza programu husika, jinsi yalivyotajwa kwenye kitabu. S, yaani ufaulu wa chini ya E, si principo, na somo la General Studies halihesabiwi hapo hata mwanafunzi akilipata A. Tena zipo programu zinazorudi nyuma hadi kidato cha nne: nyingi za biashara na uchumi humtaka asiyesoma Hisabati ya juu awe na angalau S ya BAM (Hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita), au D ya Hisabati ya kidato cha nne. Mwanafunzi wa ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) au HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) aliyekimbia Hisabati tangu kidato cha tatu anapaswa kulijua hilo mapema, si Julai.

Hesabu hii ifanywe kwa matokeo ya mtihani wa majaribio (moko), mwanafunzi akiwa mbele yako. Mazungumzo huwa kama haya:

"Shikamoo mwalimu. Baba amesema niandike udaktari."

"Marahaba. Baiolojia moko ulipata nini?"

"C."

"Kemia?"

"D."

"Na Fizikia?"

"S, mwalimu."

C na D zinampa pointi 5, kwa hiyo mlango wa shahada uko wazi kwake katika programu zinazoongozwa na Baiolojia na Kemia. Udaktari wa binadamu, hata hivyo, hudai principo katika masomo yote matatu ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), na kwa S ya Fizikia hata fomu yake haitapita kwenye mfumo. Usimwambie haiwezekani, kwa maana moko si mtihani wa mwisho. Mwambie atengeneze orodha tatu na aziandike kwenye daftari: atakachoomba alama zikibaki zilivyo, atakachoomba zikishuka hatua moja, na atakachoomba Fizikia ikipanda kuwa D au zaidi. Julai, badala ya kuanza kufikiri akiwa kwenye foleni, atafungua ukurasa unaolingana na matokeo yake.

Kufikia sifa ya chini hakumaanishi kupata nafasi. Kitabu cha TCU huonyesha idadi ya nafasi kwa kila programu, na programu yenye nafasi chache inayotamaniwa na nchi nzima itachukua wenye alama za juu na kuwaacha wengi waliokuwa na sifa. Kwa hiyo katika kila orodha chaguo la kwanza liwe lile analolipenda, lakini machaguo yanayofuata yawe yale ambayo alama zake zinazidi sifa ya chini kwa mbali, na ambayo yuko tayari kweli kuyasoma. Hilo la mwisho huachwa mara nyingi. Kijana huandika kozi ya nne ili kujaza nafasi, hupangiwa hiyo hiyo, kisha hulia.

Wazazi wa huku, kama wa kwingine, hupenda udaktari, sheria na uhasibu. Mzazi asipingwe mbele ya mtoto wake, bali aitwe shuleni mara moja kabla ya Aprili na aonyeshwe ukurasa wa kitabu pamoja na alama za moko, tena kwa heshima: "Mzee, tukae tuangalie pamoja, huku ndiko alama za binti yetu zinakoelekea." Akishauona ukurasa kwa macho yake, mara nyingi ni yeye anayeuliza kuhusu maabara, famasi, uuguzi au uvuvi. Na kuhusu uvuvi niseme jambo: tumezungukwa na ziwa kubwa kuliko yote Afrika, wakati ambapo ni wanafunzi wachache wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) na PCB wanaofikiria kusomea sayansi ya majini, ingawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaifundisha na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi ana kampasi hapa hapa Nyegezi kwa ngazi za chini ya shahada.

Umbali nao uingie kwenye hesabu. Familia yenye uwezo mdogo ipime faida ya kijana kusoma akiwa anatokea nyumbani, kwa mfano Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Malimbe au Chuo Kikuu cha Sayansi za Afya na Tiba cha Bugando kama alama zinaruhusu, dhidi ya ada ya chuo binafsi ambayo kwa kawaida huzidi ile ya chuo cha umma kilichoko Dodoma au Morogoro. Jibu si moja kwa familia zote. Mzazi apewe namba zote mbili, ada na gharama ya kuishi, ndipo aamue.

Anayetaka kuvuka mpaka, na kwa watu wa Kagera na Mara vyuo vya Uganda na Kenya si mbali, ahakikishe kwanza kwamba chuo hicho kinatambuliwa, na aombe TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kuondoka, ili shahada yake isije ikamletea shida atakaporudi.

Kutuma maombi na kuthibitisha

Tangu mwaka 2017 waombaji wa shahada hawatumi tena maombi kupitia mfumo mmoja wa TCU, hutuma moja kwa moja kwenye chuo wanachokitaka, na kila chuo kina mfumo wake na ada yake ya maombi, ambayo mara nyingi ni shilingi 10,000. Vyuo viwili au vitatu vinatosha kwa mwanafunzi aliyefanya hesabu yake vizuri. Kujaza fomu si kazi ngumu: mfumo huuliza namba ya mtihani ya kidato cha nne, huvuta matokeo kutoka Baraza la Mitihani, na humwonyesha mwombaji programu anazostahili. Aliyerudia mtihani wa kidato cha nne awe mwangalifu, kwa sababu namba atakayoitumia chuoni ndiyo anayopaswa kuitumia kwenye maombi ya mkopo.

Udahili hufanyika kwa awamu. Vyuo vikitangaza majina, aliyechaguliwa na chuo kimoja tu hana la kufanya zaidi ya kusubiri maelekezo ya kujiunga. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa kutumia namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yake, na asipofanya hivyo ndani ya muda anaweza kukosa vyote. Namba isipofika, aingie kwenye akaunti yake ya chuo na kuiomba upya, na ndiyo maana neno la siri lilipaswa kubaki mikononi mwake.

Asiyechaguliwa awamu ya kwanza asikate tamaa wala asirudie makosa. Wengi hutuma tena maombi ya kozi ile ile iliyowakataa, katika vyuo vingine ambako imejaa vile vile. Aangalie orodha ya programu ambazo bado zina nafasi, na atumie ile orodha yake ya pili.

Mkopo

Kwa familia nyingi za mwambao wa ziwa swali la mkopo ni kubwa kuliko swali la chuo, na maombi yake hayapaswi kusubiri majibu ya udahili. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, hufungua dirisha lake katika miezi ya Juni au Julai, na ada ya kuomba ni shilingi 30,000. Maombi hujazwa mtandaoni, kisha fomu huchapishwa na kupelekwa kwa watu wa kutia saini: mwombaji mwenyewe, mdhamini wake, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na hakimu au wakili mwenye mamlaka ya kupokea viapo. Ndipo kurasa zilizosainiwa huskaniwa na kupakiwa tena kwenye mfumo.

Ni katika mzunguko huo wa saini ambapo maombi mengi huharibika. Mwenyekiti wa kijiji hutia saini akasahau muhuri, wakili hugonga muhuri bila kuandika tarehe, picha ya mdhamini hubandikwa mahali pa picha ya mwombaji, na kwa kuwa mambo haya hufanyika siku ya mwisho, hakuna muda wa kurudi. Mfundishe mwanafunzi, akiwa bado shuleni, kwa kutumia fomu ya mwaka uliopita: nani anasaini wapi, muhuri unakaa wapi, tarehe inaandikwa wapi. Kwa wa visiwani, mtajie kabisa mahali pa karibu atakapompata hakimu, ambapo kwa wa Ukerewe huwa ni Nansio, ili asifunge safari ya Mwanza kwa ajili ya saini moja.

Mdhamini huwa mzazi au mlezi mwenye kitambulisho kinachotambulika, na namba ya NIDA ndiyo inayorahisisha mambo, kwake na kwa mwombaji. Kaya inayonufaika na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) iandike namba yake bila kuona haya, kwa maana ni uthibitisho wa hali ya familia. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, apate uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Mambo haya yote hupimwa ili kujua mwombaji apewe kiasi gani, na asiyeyaambatisha huhesabiwa kama hayapo.

Mwanafunzi aelezwe pia mkopo ni nini. Una sehemu zake: chakula na malazi, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ni shilingi 10,000 kwa siku, ada ya mafunzo, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Anaweza kupata sehemu zote au baadhi. Na hurejeshwa: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi wafuatilie pia Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022/2023, ambao haurejeshwi.

Aliyebaki bila nafasi

Awamu zote zikipita na mwanafunzi hana chuo, kwanza tafuta sababu. Kama alikuwa na sifa na aliteleza kwenye machaguo, mwaka mmoja wa kusubiri akiwa na orodha nzuri zaidi si hasara kubwa. Kama pointi hazikutosha, zipo njia tatu. Anaweza kurudia masomo yaliyomwangusha akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na usajili wake ufuatiliwe mapema kwenye kituo cha mitihani kilicho karibu. Anaweza kusoma programu ya maandalizi ya Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo Mwanza. Au anaweza kuanza stashahada kwenye chuo kilichosajiliwa na NACTVET (baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi), akamaliza kwa wastani wa pointi 3.0 au zaidi, na kuomba shahada kwa kutumia kile kitabu cha pili cha TCU. Katika jiji letu njia hii ya tatu ina milango mingi, ikiwamo kampasi za Chuo cha Elimu ya Biashara, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Taasisi ya Uhasibu na chuo cha uvuvi cha Nyegezi, na tangu mwaka 2023/2024 Bodi ya Mikopo huwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizowekwa kwenye kipaumbele. Maombi ya vyuo hivyo hufungwa kwa ratiba yake, kwa hiyo mwanafunzi mwenye alama za mpakani ayatume sambamba na yale ya shahada, akiwa bado anasubiri majibu ya awamu ya kwanza.